Bi Mwanahawa na Popo wa Alfajiri

Masela wangu, leo nimeumbuka hapa Temeke!

Kibarua changu mnakijua. Daktari Mzungu wa serikali kanipa kazi ya kuangalia afya ya popo waliohamia kwenye msufi wa Bi Mwanahawa, mshona magodoro, wasije wakatuletea maradhi. Kila asubuhi natafuta waliokufa chini ya mti. Na kila siku namwambia daktari, "Hakuna, bwana. Wazima kabisa."

Basi leo nikawahi, jua halijachomoza.

Namkuta Bi Mwanahawa anafagia. Anafagia popo. Wafu! Rundo zima!

"Shikamoo bibi. Hao wametoka wapi?"

"Marahaba. Si wameanguka usiku, kama kawaida. Mzoga mlangoni ukikutwa na jua ni nuksi, kwa hiyo nawahi kuwafukia."

"Kama kawaida? Tangu lini?"

"Tangu walipokuja! Wewe si ndo bwana popo, ulikuwa hujui?"

Majirani waliokuwa wanatoka msikitini wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mie sikucheka. Bibi anawaokota kwa mikono mitupu, na wajukuu zake wanacheza hapohapo.

Nikamwambia lazima daktari ajue. Akaacha kufagia.

"Ataukata msufi wangu, baba. Nitajaza nini kwenye magodoro ya watu? Wajukuu watakula nini?"

Na kweli, Mzungu alishasema: popo wakiugua, mti unaangushwa.

Sasa nimesimama njiani na baiskeli, popo mmoja mfu yumo ndani ya debe. Daktari ananisubiri.

Nyie mngefanyaje?