Mbao Kavu za Kibanda cha Jasho

Kijitabu kilikuwa cha Kiingereza, na ndiyo sababu nilichukuliwa. Baba yangu, fundi seremala wa Mabwerebwere, alijua kusoma mbao kuliko mtu yeyote Kilosa, lakini Kiingereza hakukijua. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka Chuo Kikuu, binti wa mwaka wa pili, mwenye mdomo ambao mama alisema utanikosesha mume.

Mwenye kijitabu alikuwa mkubwa mmoja wa wilaya. Alipelekwa Ulaya kujifunza ushirika, akarudi na hamu ya kibanda cha mbao ambamo watu hukaa karibu uchi, wakamwagia maji mawe ya moto, wakatoka jasho. Alitaka kibanda hicho kisimame nje, nyuma ya nyumba yake ya pwani, kikitazama bahari. Nyumba hiyo iliandikwa jina la shemeji yake, maana kiongozi wa siku zile hakutakiwa kujilimbikizia mali. Kwenye karatasi ya lori kibanda kiliitwa stoo.

Alikuja kwenye karakana yetu mwenyewe. Baba alimzidi umri, lakini shikamoo haikusikika.

"Vipi, fundi?"

"Salama, Ndugu. Karibu." Alipenda kuitwa Ndugu.

Alipoondoka, baba alikigeuza kijitabu juu chini, akacheka.

"Mtu wa joto hili anajengewa chumba cha kutokea jasho? Si apewe jembe tu?"

Bibi, mama yake baba, aliposikia habari hizo alisema kama mkubwa ana homa apande kwake amfunike blanketi, amchemshie nyungu ya majani, asisumbue watu na mbao.

Bibi aliishi kwenye vilima vya juu ya Kidete, katika nyumba ambayo baba alimjengea alipopata ufundi. Mwaka ule watu wa vilimani walikuwa wakishushwa kwenye kijiji kipya bondeni. Bibi alikataa. Alisema amezika mume pale na hana cha kufuata bondeni ila mbu. Kwa hiyo baba hakuomba ujira. Aliomba nyumba ile iachwe.

"Nyumba ya mama haitaguswa, fundi," mkubwa alisema. "Nitawaambia vijana."

Usiku ule nilimuuliza baba kwa nini asidai maneno hayo kwa maandishi.

"Nimpe mtu mzima karatasi atie sahihi, kana kwamba nimemwita mwongo? Chuoni ndiko mnakofundishwa hivyo?"

Chuoni tulifundishwa kwamba tabaka la wakubwa halina haya. Lakini kati ya baba na mtu aliyekubali ombi lake mbele ya macho yake, elimu yangu haikuwa na mahali pa kukaa.

Tulianza kuchagua. Nilisoma, nikatafsiri, baba akakubali au akakataa. Kijitabu kilisema vichwa vya misumari visionekane, maana huunguza ngozi. Akakubali. Mkubwa alitaka mawe ya mto Mkondoa kwa kuwa ni laini na mazuri; baba akakataa, akasema hakuna mwanamke wa Kidete anayeweka mafiga ya mawe ya mtoni, hupasuka yakipata moto. Kuta zingekuwa za mninga mpya. Mabenchi ndiyo yaliyomtia wasiwasi.

"Mninga mbichi kwenye joto hili utapinda, Ndugu, na utatoa utomvu. Mabenchi yanataka mbao kavu. Mbao iliyokaa ndani ya nyumba miaka, ikanywa moshi."

"Mbao za zamani zipo nyingi siku hizi," mkubwa akajibu. "Nitakuletea."

Niliisikia sentensi hiyo. Mimi niliyehoji kila kitu, kuanzia mahubiri ya kanisani hadi hotuba za redioni, hiyo sikuihoji.

Tulisafiri na lori la mradi wa wilaya. Mikumi tulipakia jiko lililoungwa kwa pipa la mafuta, tukaendelea hadi pwani. Baba alishauri mlango utazame bara ili upepo wa chumvi usile bawaba. Mkubwa akasema yeye anataka kuona maji. Mlango ukatazama maji. Siku ya tano kuta zilikuwa zimesimama, paa limefunikwa, jiko limekaa juu ya saruji. Zikabaki mbao za mabenchi.

Lori lilizileta kutoka Kilosa siku ya sita, asubuhi. Baba alipokea ubao wa kwanza, wa pili, kisha akapewa kitu kipana na akakilaza mchangani polepole. Ulikuwa mlango. Chini, kwenye kona, palikuwa na kiraka cha mpingo mahali mchwa walipowahi kula. Juu kidogo ya katikati pameng'aa, mahali ambapo kiganja kilekile kimesukuma kwa miaka mingi.

Kiraka kile alikitia yeye. Nami nilimshikia taa.

"Wenye nyumba hizi wako wapi?" baba alimuuliza dereva.

"Wameshushwa wote, mzee. Bondeni. Wameambiwa kutakuwa na bomba."

Mkubwa alikuwa barazani, anakunywa chai. Baba alimwendea akiwa amevua kofia.

"Ndugu, mama yangu."

"Vijana wamezidisha, fundi. Nitawakemea. Lakini mama yuko salama, atapewa eneo zuri." Akaweka kikombe chini. "Na mbao kavu si uliomba mwenyewe?"

Nilimwambia baba tuondoke. Nilisema kwa sauti, ili barazani wasikie.

"Tukiondoka, mlango utarudi kilimani?" aliuliza. Akachukua msumeno.

Aliukata vipande viwili vya benchi la juu, lile la joto kali. Hakuacha kichwa cha msumari hata kimoja. Kiraka alikielekeza juu, hakukipiga randa. Sikuelewa alitaka nani akione. Mpaka leo sielewi, na kuna siku nadhani hakutaka chochote, alikuwa fundi anayemaliza kazi.

Tulimkuta bibi bondeni katika kibanda cha nyasi, mlangoni kumetundikwa gunia. Tulimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Bomba halikuwapo.

"Vitu vyangu walivirusha kwenye lori," alisema. "Vyungu sivihitaji. Mlango wangu ndio ninaoutaka. Wewe unawajua wakubwa, mwanangu. Hujauona?"

Baba alitazama gunia, akalirekebisha lilipolegea.

"Bado, mama. Ninauulizia."

Bibi akanigeukia mimi, msomi wa ukoo.

"Nami pia ninauulizia, bibi," nikasema.