Duara la Nyuma ya Meli

Daktari wa meno yule hakuweza kuizungumzia meli ya angani ya tamthilia ya runinga aliyoipenda bila kuiunda kwa viganja, kidole gumba kikiwa injini. Kila Jumamosi, katika duka la katuni mjini Winnipeg, alishikilia kwamba duara la nyuma hupoza injini. "Ni ngao, daktari! Kang'oe meno," Darlene, shabiki mwenzake, alimkejeli.

Siku mbunifu wa meli ile alipowatembelea dukani, daktari aliiunda meli kwa viganja na kumuuliza kazi ya lile duara. Mzee akacheka. "Lile? Kifuniko cha blenda ya mke wangu. Tulikibandika kwa gundi."

Mikono ya daktari ikashuka taratibu hadi magotini. Darlene, asiyewahi kumkubalia neno, akamwinamia sikioni.

"Achana naye. Huyu aliiunda tu, atajua nini?"

Kidole gumba kikainuka tena.