Masikio Pembeni mwa Waraka

Kwa miaka sita Nora Relph, mtunza maktaba wa sekondari moja ndogo katika mabonde ya Cumbria, kaskazini mwa Uingereza, alikuwa akiwaandikia wasomi wa Zama za Kati na kuwaomba waje kuzungumza na watoto katika saa yake ya historia, kila Alhamisi. Yeye mwenyewe aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita, mwaka ambao baba yake alivunjika nyonga na kondoo wakabaki bila mtu. Hakulilia jambo hilo. Aliolewa, akalea, akafiwa na mume, kisha akaajiriwa kupanga vitabu, na katika kuvipanga akaanza kuvisoma. Barua zake zilikuwa fupi: shule yetu iko mbali, mvua ni nyingi, keki ya tangawizi ipo.

Baadhi walikuja. Mmoja alizungumzia wafalme kwa dakika hamsini, na mwanafunzi Ewan Dixon akakoroma waziwazi. Mwingine alileta upanga wa mbao, na watoto hawakukumbuka kitu kingine chochote. Ndipo mkuu wa shule, Bwana Threlkeld, akamwambia bila ukali, "Nora, unao watano tu. Niletee majina manane kabla ya Pasaka, la sivyo saa ya Alhamisi nalipa somo la kompyuta."

Alhamisi iliyofuata aliteremka kwenye treni Profesa Judith Farrant, kalowa mpaka soksi. Alikuwa ametanguliza kwa posta picha ya waraka mmoja: kumbukumbu za baraza la kabaila wa bonde la jirani, zilizoandikwa kwa Kilatini juu ya ngozi karibu miaka mia saba iliyopita. Wakulima wawili waligombea kondoo kumi na mmoja. Pembeni mwa maandishi palikuwa na vichoro vidogo, viwili viwili.

Jumatatu iliyotangulia, akitoa nakala, Nora alivitazama vichoro vile mpaka mashine ikanyamaza. Alivijua. Kisha akajiambia kwamba mama huyu amesoma ngozi hizi miaka ishirini, na yeye kazi yake ni kupanga vitabu. Akazipigilia pini nakala zake, akanyamaza.

Alhamisi hiyo watoto walikuwa saba, kwa kuwa uwanja wa mpira ulijaa maji.

"Karani alichoka," Profesa aliwaambia. "Kesi ilikuwa ndefu, akaanza kuchora majani. Nimeandika hivyo katika kitabu changu. Napenda kumfikiria, vidole vimekufa ganzi, anasubiri chakula."

"Si majani," Agnes Mounsey alisema, macho yakiwa mezani. Tangu Septemba hakuwa amesema neno katika saa ile.

"Sema tusikie, Agnes," Nora alisema.

"Ni masikio. Ya kondoo. Hili limekatwa ncha. Hili lina pengo kwa chini."

"Agnes hata kwenye wingu anaona kondoo," Ewan alisema.

"Na wewe hata kwenye kondoo unaona chakula cha mchana."

Wakacheka. Profesa naye alitabasamu, kwa upole. "Wazo zuri. Ila karani asingekuwa na sababu ya kuchora masikio. Twende ukurasa wa pili?"

Agnes akainamisha kichwa. Nora aliijua namna ile ya kuinamisha kichwa. Akinyamazishwa leo, binti huyu hatasema tena mpaka amalize shule, na baada ya shule kunyamaza kutakuwa kumeshakuwa tabia. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka arobaini ndani ya tabia hiyo.

"Samahani, Profesa." Sauti ilimtoka Nora nyembamba. "Sababu anayo. Baraza lilikuwa linauliza kondoo ni wa nani."

Akaliendea kabati la mwisho, akatoa kijitabu chembamba kinachokaa jikoni kwa kila mfugaji pale bondeni, chenye jina la kila shamba na jinsi linavyokata masikio ya kondoo wake kuwa alama. Baba yake alikuwa akikifungua kila Novemba, kondoo waliopotea mlimani wanaporudishwa kwa wenyewe. Akakiweka kando ya nakala: vichoro viwili viwili, sikio la kushoto na la kulia.

Profesa Farrant alivaa miwani. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Akavuta kiti, akakaa.

"Agnes," alisema, "nisomee hawa."

"Tisa wana alama moja. Hawa wawili wa chini, sikio limekatwa mara mbili. Mtu kabadilisha."

"Mwizi huyo," Ewan alisema, naye sasa ameinamia meza. "Anakata pengo juu ya pengo kufuta alama ya mwenzake. Babu anasema mwenye kondoo wasio na masikio usimuuzie hata mbwa."

"Na baraza liliwagawa: tisa kwa mmoja, wawili wakarudi kwa mwenzake," Profesa alisema polepole. "Mimi niliandika kwamba walimpendelea huyo mmoja." Hakuonekana kuumia. Alionekana kama mtu aliyeongezewa kipande cha keki. "Bi Relph, wewe uliyaona masikio haya lini?"

"Jumatatu."

"Mbona hukuniambia?"

Nora alimmiminia chai. "Nilidhani unajua."

"Nina ngozi nyingine tisa zenye majani," Profesa alisema. "Nitazileta, kama Alhamisi bado ipo."

Fomu ya majina ilizunguka meza. Agnes aliandika la kwanza, kwa herufi kubwa. Ewan aliandika la mwisho, akieleza kwamba anafuata keki. Yalikuwa saba. Watoto walipoondoka, Nora aliutazama mstari wa nane kwa muda, mvua ikipiga kioo, kisha akachukua kalamu.

Bwana Threlkeld aliisoma karatasi akiwa amesimama mlangoni.

"Huyu wa nane si mwanafunzi."

"Fomu haikuuliza umri."

Akaipitia tena, mbele na nyuma. Kweli haikuuliza.

"Inauliza mwaka wa masomo," alisema. "Niandike upi?"

"Niliishia wa tano," Nora alisema. "Endelea hapo."