Nani Alipuliza Tarumbeta Ile

Kwa miaka hamsini Bi Leola Tibbs aliwaambia wanawake wenzake wa kanisani kwamba kile kipande cha tarumbeta, kilicho katikati ya santuri ya bendi aliyopigia ujanani, alikipuliza yeye. Hakuna aliyebisha, maana hakuna aliyekuwa na santuri hiyo. Ilikuwa bendi ya wanawake weusi peke yao. Ilizunguka Kusini mwa Marekani kwa basi miaka ya vita, ikarekodi mara moja tu, na kwenye karatasi ya santuri likaandikwa jina la bendi, basi. Wapigaji hawakutajwa.

Nilikuwa nimepanga chumba chake cha juu, Kansas City, kwa mwaka wa tatu, Jocelyn Pettway alipokuja. Alikuwa binti anayefanya kazi kwenye jumba la makumbusho, na mkononi alikuwa na nakala ya santuri hiyo. Alitaka jina la mpigaji aliandike kwenye kibao cha ukutani, na alilihitaji kabla ya Ijumaa kwisha.

Bi Leola alivaa nguo za kanisani ingawa ilikuwa Jumatano. Akaniambia na mimi niketi, nisikie jazi ilivyokuwa ikipigwa na watu wanaojua. Kipande kilipofika akatabasamu, vidole vitatu vikimcheza gotini. Kisha vidole vikasimama.

"Rudisha," alisema.

Jocelyn akarudisha, mara nne.

"Huyu kavuta pumzi kabla ya kupanda juu. Mimi sikuwa navuta pumzi hapo. Hiyo ni tabia ya Odessa."

Odessa Crume, aliyekwisha kufariki, alikuwa mwandani wake na mpiga tarumbeta wa pili katika bendi. Wacheza dansi wa enzi hizo walitaka kipande kile kile walichokizoea, na kiongozi wa bendi alikataza kubadilisha hata sauti moja. Na kwa kuwa midomo huvimba kwa kupuliza kila siku, wote wawili walikijua kipande hicho, akawa anasimama kukipiga yule ambaye mdomo wake ni mzima. Nilimuuliza Bi Leola nani alikitunga. Alisema ni yeye mwenyewe. Baadaye akasema labda walikitunga kwenye basi, huyu akiongeza hapa na yule pale.

Siku ya kurekodi, mmoja wao alikuwa amevimba mdomo. Miaka yote Bi Leola alijua ni Odessa. Sasa akajigusa mdomo na kusema anakikumbuka kitambaa chenye barafu, ila hakumbuki kilikuwa kwenye mdomo wa nani. Akatuacha hapo kidogo, akarudi na wazo jingine: huenda yeye ndiye aliyevimba, akapiga hivyo hivyo, na pumzi ile akaivuta kwa maumivu.

Nikamshauri ampigie simu Renetta, binti wa Odessa, kule Saint Louis. Alikataa siku nzima. Kumuuliza, alisema, ni kukiri kwamba hajui. Alhamisi jioni akapiga, nami nikasikia Renetta akicheka upande wa pili.

"Shangazi, unaniuliza mimi? Mama alituambia tangu tuko wadogo kwamba ni wewe. Yeye alikuwa amejiwekea barafu mdomoni siku hiyo."

Nilidhani mambo yamekwisha. Bi Leola alikata simu akiwa na uso wa mtu aliyeibiwa.

"Odessa alikuwa na ugonjwa wa kunipa vitu vyake," aliniambia. "Alinipa koti, akasema linambana. Halikumbana hata kidogo. Sasa hili nalo nitajuaje kama hakunipa tu?"

Mboga na mkate wa mahindi vilipoa mezani. Nilimwambia kwamba Renetta hana sababu ya kudanganya. Akaniuliza kama nimemsikia akisema ni Renetta anayedanganya.

Ijumaa asubuhi Jocelyn alipiga simu.

"Andika Odessa Crume," Bi Leola alimwambia.

Jocelyn akamuuliza kama ana hakika.

"Sina, mwanangu. Andika upesi kabla sijageuza nia."

Alipoweka simu alibaki kaushikilia ukingo wa meza. Akaniuliza Jumapili awaambie nini wale wanawake wa kanisani: kwamba alikuwa akidanganya miaka yote ile, au kwamba anadanganya sasa. Nilimwambia sijui.

"Hata wewe hujui," alisema, akaanza kutafuta miwani yake.