Kikombe Kilichoachwa Kimejaa

Serikali ilikuwa na baraza la kuishauri kuhusu mafunzo ya kazi: vijana wa Kolwezi, mji wetu wa migodi, wafundishwe ufundi gani, na nani awafundishe. Baba yangu, mwalimu wa kuchomelea vyuma, alikuwa mjumbe. Mimi, binti yake, niliwapikia chai.

Baraza lile halikupiga kura. Mwenyekiti alitamka uamuzi, na aliyekubali alikunywa chai yake. Kikombe kimoja kikibaki kimejaa, mjadala ulianza upya. Kulikuwa na padri mmoja mbishi; kwa ajili yake niliipasha moto chai hadi ikawa chungu kama shubiri.

Kisha mgodi ukaporomoka, kazi zikawa haba, na wakubwa wakatafuta wa kulaumiwa. Wakatupata sisi wenye asili ya mkoa wa Kasai. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Babu yangu alipewa sepetu siku ileile aliyoletwa mgodini, baba akazaliwa hapa, nami pia. Bado tuliitwa wageni.

Siku moja mwenyekiti, rafiki wa baba tangu utoto, akatamka bila kuinua macho:

“Kazi ya kufundisha itabakia kwa batoto ba hapa tu.”

Wote wakanywa. Hata padri. Padri! Baba peke yake hakugusa kikombe chake.

“Tata, kunywa,” mwenyekiti akamwambia baba kwa heshima.

“Hapana. Mi nilizaliwaka hapa.”

Mwenyekiti akanyoosha mkono, akakichukua kikombe cha baba, akakinywa chote. Uamuzi ukapita. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule mzee, niliyezoea kumwita baba mdogo.

Haukupita muda, vijana wakatutoa nyumbani kwa mawe, wengine wakiwa wanafunzi wa baba. Tukaishi stesheni chini ya turubai, tukisubiri mabehewa ya kwenda Kasai, ambako baba hakuwahi kufika. Alikonda. Roho iliniuma kumtazama.

Asubuhi ya kuondoka, mwenyekiti akaja na chupa ya chai. Akamimina kikombeni, akampa baba.

“Kunywa, ndugu yangu. Unisamehe.”

Baba alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akashukuru, akakiweka chini kando ya reli, kimejaa. Kisha akapanda behewa, nami nyuma yake.

Mwenyekiti alisimama akikitazama. Safari hii hakukigusa. Nami, mjinga mimi, nikangoja mjadala uanze upya, mpaka treni ikang'oka.