Choo Nilichomwahidi Madam

Jambo hili nimelificha vya kutosha, lakini kwa kuwa walimu wenzangu wameshalisambaza Morogoro Mjini nzima kwa namna yao, bora niliseme mwenyewe, maana aibu ni yangu.

Mwaka jana nilipewa kazi ya kupanga safari ya walimu likizo ya Aprili, kulala siku mbili kwenye mahema msituni, juu kabisa Uluguru, wakati milima yote ni kijani kwa mvua. Nikampigia simu mzee anayetunza kambi, akanijibu bila kuficha, "Mwalimu, hapa pana uwanja na mto tu. Choo mtachimba wenyewe." Sasa Madam, mkuu wetu wa shule (mama mtu mzima, mwenye heshima zake), aliniuliza swali moja tu, "Mwalimu Deo, choo kipo?" Nami kwa kuogopa asije akajitoa na safari ikafa, nikasema, "Kipo, Madam." Nilijipa moyo kwamba nitatangulia na jembe, nichimbe, nizungushie turubai, wakifika wakikute.

Siku yenyewe nikatangulia alfajiri kwa bodaboda hadi njia ilipoishia, nikapanda kwa miguu, nikachagua sehemu iliyojificha, pembeni ya kuta za mawe za nyumba ya zamani iliyobomoka, udongo laini kabisa, nikachimba mpaka shimo likanifika kiunoni. Kuinua kichwa, namwona mama mmoja mwenye tenga la njegere ananitazama. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Alitua tenga, akaita watu.

Muda si mrefu kijiji kizima kimenizunguka. Kumbe ile nyumba ilikuwa ya Mjerumani, na watu wa mjini huja kwa siri kutafuta mali wanayodai aliifukia, huharibu mashamba na kutoweka. Mwenyekiti wa kijiji akaniuliza natafuta nini.

"Nachimba choo, mzee."

"Choo cha nani, huku porini?"

"Cha walimu wenzangu. Wako njiani."

Wakanikataza kutoka shimoni. Nimesimama humo, matope hadi masikioni, mara wenzangu wakatokea na mabegi, Madam mbele. Nikashusha pumzi, nikajua nimepona. Mwenyekiti akamsalimia vizuri, akamwuliza, "Mama, huyu anasema anawachimbia choo. Ni kweli?"

Madam akanitazama, akalitazama jembe, akajibu kwa utulivu (yeye hajui kudanganya), "Hapana. Choo kipo. Alinihakikishia mwenyewe."

Nikaona watu wanasogea, kijana mmoja anakunja mikono ya shati, ikabidi nitamke kwa sauti mbele ya wote, "Madam, hakipo. Nilikudanganya. Hakijawahi kuwepo."

Mzee wa kambi akaitwa, akathibitisha maneno yangu, lakini mwenyekiti bado hakuridhika. "Shimo hilo lifukie," akasema, "uchimbe jingine kule, mbali na ukuta, tukikuona."

Nikafukia, nikaanza upya, wanakijiji wamekaa juu ya mawe wakichungulia kila jembe linapoinuka, na Madam, ambaye baadaye nilisikia alikuwa amejibana tangu stendi ya Msamvu, akasogea ukingoni, akainama, akaninong'oneza, "Mwalimu, harakisha."

Siku hizi mtu akiniuliza safari ina nini, naanza na visivyopo, hata kama nitabaki kusafiri peke yangu.