Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Fundi wetu haanzi na injini. Huketi kiti cha nyuma, huuvuta mkanda polepole mpaka mwisho, kisha huunusa kama anayekagua maziwa ya jana. Hapa kwetu Queensland, kando ya mto, gari lililotumika huoshwa likameremeta, ila ncha ya mkanda husahaulika.

Jana Maree alimpelekea gari kubwa lililoinuka alilotaka kuwanunulia wanawe. Muuzaji, Darcy, aliyekuja naye, akacheka: "Mzee, unakagua gari au mkanda?"

Mkanda ukaisha, na tope kavu likaonekana. Fundi akautazama ukuta wa karakana, penye mstari ulioachwa na maji ya mafuriko, ambao hataki upakwe rangi.

Darcy akainama. "Mto ulinimaliza, mzee."

"Ulitumaliza sote," fundi akasema, akiurudisha mkanda taratibu. "Sasa unataka kumuuzia Maree gari lililozama?"